Kazi ya msimu ya jiolojia kwenye misitu ya taifa Marekani: anza na vyeti vyako

Nimemaliza msimu wangu wa kwanza kama msaidizi wa jiolojia kwenye msitu mmoja wa taifa huku magharibi mwa Marekani, na tangu nilipoweka ile picha nimeshika nyundo ya miamba watu wamekuwa wakiniuliza inaombwaje, kwa hiyo naandika yote hapa kwa pamoja. Niseme mapema kwamba mwaka wa kwanza nilikosa. Miamba naijua, kilichonikosesha ni karatasi, na hiyo karatasi ndiyo nitaizungumzia zaidi kwa sababu kama umesoma Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo itakugusa na wewe pia.

Kwanza jua unaomba wapi. Misitu ya taifa iko chini ya Forest Service, ambayo tangu 1905 iko Wizara ya Kilimo, siyo ile wizara inayosimamia hifadhi za taifa. Watu wengi wanatafuta upande wa hifadhi halafu wanasema kazi hakuna. Ni misitu 154, eneo lote la Forest Service ni kama ekari milioni 193, na kazi zinatangazwa kwenye USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu. Ukiandika "geology" pale utaletewa zaidi kazi za wanajiolojia kamili, nyingi za kudumu. Kazi ya msaidizi mara nyingi imekaa kwa jina la Physical Science Technician, namba yake 1311, daraja GS-4 au GS-5 (GS ni ngazi za mishahara za serikali kuu). Tafuta kwa hiyo namba, hifadhi huo utafutaji, weka ikutumie imeili kila siku. Kazi ya msimu utaitambua kwa sababu tangazo litasema haizidi saa 1039, yaani miezi sita kasoro kidogo.

Uraia. Ajira hizi za serikali kuu ni za raia wa Marekani. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, usipoteze usiku wako kujaza, nenda moja kwa moja kule chini nilikoandika milango mingine.

Sasa vyeti. Soma hapa polepole.

Kwa GS-4 ukitumia elimu wanataka miaka 2 ya chuo na ndani yake angalau krediti 12 za masomo kama fizikia, kemia, jiolojia, uhandisi au hesabu, ila hesabu za biashara hazihesabiwi. Kwa GS-5 wanataka digrii ya miaka 4 yenye fani inayohusika, au iwe na angalau krediti 24 za masomo hayohayo. Unaweza pia kuingia kwa uzoefu wa kazi, au kuchanganya elimu na uzoefu. Ila kama elimu yako ni ya nje, transkripti ya chuo chako, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, peke yake haitoshi, hata kama imejaa A. Lazima ipimwe na kampuni binafsi ya kutathmini vyeti vya nje, na hizi utazipata kwenye orodha ya wanachama wa NACES au AICE, ambavyo ni vyama vya kampuni hizo. Wao ndio wanasema digrii yako ni sawa na nini huku na kila somo ni krediti ngapi.

Mimi nilijua hilo na nikalipa. Tatizo nililipia aina isiyo sahihi. Kuna ripoti ya jumla ambayo ni ya bei nafuu, inasema tu mtu huyu ana kitu kinacholingana na digrii ya kwanza, basi. Na kuna ripoti ya somo kwa somo, wenyewe wanaiita course-by-course, inayoorodhesha kila somo na krediti zake. Nikaona tofauti ya bei nikachukua ya jumla, nikaiambatanisha, nikakaa nasubiri kwa amani. Wiki kadhaa baadaye imeili ikaja kwamba sijaonyesha krediti zinazotakiwa. Na walikuwa sahihi, ile karatasi yangu haikuwa na krediti hata moja, mtu wa HR hawezi kuhesabu kitu ambacho hakijaandikwa. Nilikuwa na masomo ya petrolojia, madini, ramani za uwandani, jiofizikia, yote nimeyafaulu, na hakuna hata moja lililoonekana mbele ya yule aliyesoma faili langu. Iliniuma sana. Kwa hiyo nakuomba, chukua ya somo kwa somo tangu mwanzo, mimi hiyo ya somo kwa somo ilinigharimu karibu dola 200 mara ya pili ukiongeza na posta, na ile ya kwanza ikawa imepotea.

Mara ya pili nayo haikwenda moja kwa moja. Kampuni nyingi zinataka transkripti itoke chuoni yenyewe, kwa mtandao wa chuo au kwenye bahasha iliyofungwa. Binamu yangu alinisaidia kwenda kuichukua chuoni nyumbani. Akapewa bahasha ya kaki, imebandikwa gundi, na muhuri wa ofisi ya msajili umepigwa nusu kwenye mkunjo na nusu kwenye bahasha, kiasi kwamba ukifungua tu muhuri unakatika vipande viwili. Kwa nia njema kabisa, ili anionyeshe kwamba ameipata, akaifungua akanitumia picha WhatsApp. Nilipoiona ile picha moyo ulishuka. Transkripti ilikuwa nzuri, safi, ila haikubaliki tena, ikabidi aombe upya na alipe upya na asubiri upya. Simlaumu, mimi ndiye sikumwambia. Mwambie mtu wako kabla hajatoka nyumbani kwamba bahasha isifunguliwe, apige picha ya nje tu.

Mambo mengine mawili ya vyeti. Kama digrii yako ni ya miaka 3 kama zilivyo nyingi kwetu, peleka na cheti cha form six, kwa sababu baadhi ya kampuni zinatoa krediti za chuo kwa masomo ya A-level na hizo zinaweza kukuvusha, iulize kampuni kabla hujalipa. Na majina yafanane. Vyeti vyangu vya shule vina majina matatu, cheti changu cha uraia kina mawili, na moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Tafuta hati inayounganisha hayo majina uiweke karibu, utaitumia zaidi ya mara moja.

Haya yote yafanye kabla hujaona tangazo lolote. Tathmini inakula wiki nyingi na tangazo linaweza kuwa wazi siku chache tu, na mengine yanafungwa yakifikisha idadi fulani ya maombi. Kazi ya kiangazi mara nyingi inatangazwa kuanzia vuli ya mwaka uliotangulia, watu wengine wanasubiri mpaka Aprili ndio wanaamka wanakuta nafasi zimeshakwenda.

CV na maombi yenyewe

Akaunti ya USAJOBS unaingia kwa login.gov, hapo sina la kusema, utaweza. Tumia tu namba ya simu utakayobaki nayo.

CV ndio ina mambo. Tangu mwisho wa Septemba 2025 isizidi kurasa 2, kwa hiyo zile CV ndefu za kurasa tano ambazo watu walikuwa wanashauriana zamani ziache. Lakini ndani ya hizo kurasa 2 kila kazi lazima iwe na mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, na saa ngapi kwa wiki. Bila saa kwa wiki hawawezi kukokotoa uzoefu wako ni wa muda gani, na wasichoweza kukokotoa hawakihesabu. Kazi za kujitolea zinahesabika, ziandike vilevile na saa zake.

Kisha kwenye ombi langu kulikuwa na dodoso, maswali ya kuchagua kiwango chako kwenye kila kazi, kutoka "sijawahi kufanya" mpaka "mimi ni mtaalamu, nawafundisha wengine". Usijinyenyekeze. Sisi tumelelewa kutojisifu, unakuta mtu amechora ramani ya jiolojia miezi mitatu milimani peke yake halafu anajiwekea "nimefanya chini ya usimamizi". Hapohapo usidanganye, kwa sababu kila jibu la juu lazima lionekane kwenye CV. Mimi nilifanya hivi, nililifungua dodoso kwanza, nikanakili maswali yote, ndipo nikairudia CV mstari kwa mstari. Pale nilipokuwa nimeandika "nilisaidia kazi za uwandani" nikaandika kwamba nilipima mwelekeo na mwinamo wa matabaka kwa dira ya Brunton, nikakusanya sampuli za miamba na kuzipa namba na koordineti za GPS, nikajaribu chokaa kwa asidi ya hidrokloriki, nikahamishia kila kitu kwenye ramani ya kipimo cha 1:24,000. Ni kazi ileile, ila sasa msomaji anaiona.

Kuambatanisha: kupakia hati kwenye akaunti siyo kuituma. Kila ombi jipya lazima uchague upya hati zinazokwenda nalo, transkripti, ripoti ya tathmini, yote, halafu ukishahamishwa kutoka USAJOBS kwenda tovuti ya idara inayoajiri umalize mpaka ubonyeze kitufe cha kutuma. Rudi kesho yake uangalie hali ya ombi lako, kama bado inasema halijakamilika ujue hujatuma kitu.

Na saa. Matangazo yanafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Washington. Ukiwa California au Oregon hiyo ni saa tatu kasoro dakika moja usiku, wakati wewe ndio kwanza umemaliza kula unajiambia bado kuna muda. Tuma siku mbili kabla.

Wanaume mna kipengele kimoja zaidi. Waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1959 wanaulizwa kama wamejiandikisha Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Kama uliingia Marekani ukiwa umeshatimiza miaka 26 hukutakiwa kujiandikisha, au kama miaka yako yote ya 18 mpaka 25 huku ulikuwa kwa viza ya mwanafunzi hivyohivyo, lakini unaweza kudaiwa ushahidi. Waandikie mapema uombe barua ya kuthibitisha hali yako, usisubiri mpaka umepewa kazi ndipo uanze kuitafuta.

Baada ya kutuma

Utaona neno la kwanza kwamba ombi limepokelewa, kisha unachotaka kuona ni "referred", maana yake jina lako limefika kwa mkuu wa kazi. Hapo washa simu na upokee namba usizozijua, hakikisha ujumbe wa sauti unafanya kazi na sanduku lake halijajaa. Msimamizi ana orodha mkononi, usipopokea anaweza kwenda kwa anayefuata. Mimi nilipigiwa nikiwa kazini kwenye ghala, nikatoka nje nikaongea nimesimama kati ya malori.

Aliniuliza maswali machache tu. Moja lilikuwa, uko peke yako na mwenzako mmoja mnaorodhesha migodi iliyotelekezwa, mmefika kwenye mdomo wa handaki ambalo halipo kwenye ramani, unafanya nini? Jibu ni kwamba huingii. Ndani kunaweza kusiwe na oksijeni, kunaweza kuwa na shimo la wima lililofunikwa na mbao zilizooza, au baruti za zamani. Unachukua koordineti, unapima mdomo kutoka nje, unapiga picha, unaangalia kama kuna maji yanayotoka na rangi yake, kwa sababu maji ya rangi ya kutu yanaashiria madini ya salfaidi yanaoza mle ndani, unaandika, unaondoka. Anayetaka kuonekana shujaa pale hapati kazi, na ni haki kabisa asipate.

Uliza na wewe. Uliza kuhusu malazi, wilaya nyingine za msitu zina nyumba za wafanyakazi na kodi inakatwa kwenye mshahara. Uliza kama leseni ya udereva ya jimbo ni lazima, mara nyingi ni lazima. Uliza bima ya afya pia, kwa sababu wa msimu anayetarajiwa kufanya angalau saa 130 kwa mwezi kwa siku 90 au zaidi anaweza kujiunga na bima ya wafanyakazi wa serikali, na wengi hawajui.

Milango mingine

Usitegemee mlango mmoja. Septemba 2024 Forest Service ilitangaza kwamba kwa mwaka wa fedha 2025 haitaajiri wafanyakazi wa muda wa msimu isipokuwa wazima moto, na watu waliokuwa wamepanga maisha yao juu ya hizo saa 1039 wakabaki hawana pa kushika. Kwa hiyo omba na kwa mashirika yanayoshirikiana na Forest Service. Geological Society of America imekuwa na programu ya GeoCorps America ya kuwaweka wanajiolojia kwenye ardhi ya umma, na kuna vikundi vya uhifadhi vinavyofanya kazi ndani ya misitu hiyohiyo. Vile vinavyopitia AmeriCorps, programu ya serikali kuu ya huduma kwa jamii, vinapokea na wenye grinikadi, kwa hiyo wewe ambaye uraia bado, huu ndio mlango wako. Posho ni ndogo, ila saa zake unaziandika kwenye CV, na siku ukiapa uraia unaomba ukiwa na uzoefu wa msitu huohuo.

Ukishapewa ofa kuna fomu ya maelezo binafsi, alama za vidole, na orodha ya mahali ulipoishi. Tulioishi nchi zaidi ya moja inatuchukua muda, kwa hiyo anza leo kuandika anwani zako na tarehe kwenye daftari. Siku ya kwanza nenda na hati halisi za utambulisho, siyo kopi, na buti ambazo umeshazivaa angalau wiki mbili.