Hujaridhika na fidia ya ajali uliyopewa mahakamani? Fuata hatua hizi

Watu huingia ofisini kwangu hapa Mbeya na hukumu mkononi, na neno la kwanza huwa lilelile: "Wakili, hela waliyonipa ni ndogo." Mmoja aliumia mteremko wa Iwambi, mwingine Kitonga, mwingine aligongwa akiwa kwenye bodaboda pale Mafiati. Hapa nazungumzia kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa.

Hatua ya 1: Omba nakala kwa maandishi

Kabla hujapanda daladala kurudi nyumbani, andika barua ya kuomba hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani). Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Una siku 90 za kukata rufaa tangu hukumu isomwe. Siku ulizosubiri nakala hazihesabiwi, ila barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba uliziomba. Dikrii ikitoka, kagua tarehe yake: lazima iwe ya siku hukumu iliposomwa. Zikipishana, irudishe irekebishwe kwanza.

Hatua ya 2: Tenganisha lawama na kiasi

Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme hakimu amekadiria fidia ya shilingi milioni 20, lakini akasema nawe ulichangia ajali kwa asilimia 40. Unaondoka na milioni 12. Ukipambana na kiasi peke yake hadi kikapanda kuwa milioni 25, utapata 15. Ukiacha kiasi kilivyo na mchango wako ukashuka hadi asilimia 10, utapata 18. Piga hesabu hiyo kabla ya kuandika sababu hata moja ya rufaa.

Kwenye lawama una nafasi nzuri, kwa sababu katika rufaa ya kwanza Mahakama Kuu huupima upya ushahidi wote. Soma mwenendo ukiwa na ramani ya ajali ya polisi pembeni: alama za breki zilianzia wapi, gari liliishia upande gani wa barabara. Kama dereva alitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki na muda wake wa kukata rufaa umepita, kosa lake halibishaniwi tena. Hilo halikuoshi wewe, hasa kama mlipanda mshikaki.

Hatua ya 3: Shambulia kiasi kwa hoja

Gharama za matibabu, nauli na dawa lazima ziwe zilitajwa kwenye hati ya madai na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1992. Risiti uliyoisahau nyumbani kwa kawaida haipokelewi kwenye rufaa. (Kesi yako bado haijasikilizwa? Toa fotokopi za risiti za EFD leo. Mteja wangu mmoja alileta bahasha nzima ya karatasi nyeupe, wino umefutika wote.)

Fidia ya jumla, ile ya maumivu na ulemavu, ni hiari ya hakimu. Jaji haiongezi kwa sababu tu yeye angetoa zaidi. Mwonyeshe kwamba hakimu alikosea kanuni, aliacha jambo la msingi, alichanganya lisilohusika, au kiasi ni kidogo kupita kipimo. Usiandike "fidia haitoshi." Andika: "Hakimu hakuzingatia ushahidi wa daktari kwamba mguu wa mrufani umefupika na hawezi tena kubeba magunia ya viazi."

Hatua ya 4: Fungua, kisha jilinde

Sajili rufaa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, ukiambatisha hukumu na dikrii, lipa ada, mpelekee mjibu rufani (upande wa pili) nakala. Jua kwamba naye anaweza kuleta pingamizi lake dhidi ya hukumu, na fidia ikashuka badala ya kupanda. Mimi humwambia mteja hivyo kabla hajasaini.

Na wao, upande wa pili, wakikata rufaa, rufaa peke yake haisimamishi malipo. Mpaka walete amri ya mahakama ya kusimamisha, endelea na maombi ya kukaza hukumu, yaani kulazimisha itekelezwe. Na wakiiomba amri hiyo, nawe omba waweke dhamana.