Shati kwa aliyepigwa kiharusi

Mzee wetu kapooza mkono wa kushoto, kila asubuhi shati lilikuwa vita mpaka dada wa tiba kazi (anayemfundisha mgonjwa kufanya tena shughuli za kila siku) akatuonyesha hii: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Akae kwenye kiti kisichoyumba, shati alilaze mapajani, tundu la mkono wa kushoto likae katikati ya magoti mkono uning'inie humo, halafu ule mzima ndo upandishe kitambaa mpaka begani (kisipopita kiwiko kinarudi chote), kisha alizungushe mgongoni amalizie mkono mzima. Ukianza na mzima shati linabana, na ule mkono mgonjwa haujikunji. Tisheti ya kubana haifai, na bega likiuma msivute, muoneni mtaalamu. Vifungo mwachieni mwenyewe, hata akichukua nusu saa.