Jinsi ya kulipima bwawa la kijijini kwenu kabla mvua hazijachanganya

Wakuu habari za saa hizi. Huku kwetu Mufindi, na najua Njombe na Rungwe ni hivohivo, mabwawa ni mengi, ya ng'ombe, ya samaki, ya kumwagilia chai, na mengi ni tuta la udongo tu lililosukumwa na dozer miaka hiyo, mchoro haupo na hata bomba lilipita wapi hakuna anayekumbuka. Watu wanaulizana "ivi hili bwawa ni salama?" afu mmoja anajibu mbona lipo tangu tukiwa watoto, mazungumzo yanaishia hapo. Mi naomba tuache kuuliza hivo kwa sababu hapo ndani kuna maswali mawili, na ukiyachanganya unaweza ukalala usingizi mahali ambapo hukutakiwa kulala kabisa.

Swali la kwanza halihusu tuta hata kidogo. Panda juu ya bwawa, lipe mgongo, angalia chini maji yanakoelekea. Jiulize likipasuka leo saa nane usiku linamkuta nani? Kama kuna hata nyumba moja ambayo watu wanalala, hilo ni bwawa la hatari kubwa, basi, hata kama limejengwa jana kwa zege na limekamilika kila kitu. Kama hakuna anayelala huko ila kuna barabara, daraja, mashine ya kusaga, au vinyungu (bustani za bondeni) vya watu wengi, hiyo ni hatari ya kati. Kama maji yataishia kwenye shamba la mwenye bwawa mwenyewe, hatari ndogo. Marekani wana mabwawa zaidi ya 90,000 kwenye daftari lao la taifa na ndo wanavyoyapanga, hayo madaraja matatu, afu hali ya bwawa inaandikwa pembeni peke yake. Kwa kipimo hiki Mtera, lile bwawa la umeme, ni hatari kubwa hata ikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu ya wingi wa maji na watu walioko chini yake.

Na hili daraja la hatari linabadilika bila bwawa kuguswa. Viwanja vinauzwa mpaka bondeni siku hizi, mtu anapewa eneo zuri, tambarare, lina maji karibu, anajenga, kumbe kwa kujenga tu ameshalihamisha bwawa la juu kutoka hatari ndogo kwenda kubwa na mwenye bwawa wala hana habari. Kwa iyo kila mwaka angalia upya. Na kabla hujanunua kiwanja bondeni panda na mto kwa miguu uone juu kuna nini.

Kujua maji ni kiasi gani si kazi. Pima urefu wa eneo la maji, zidisha kwa upana, zidisha kwa kina pale kwenye tuta, gawa kwa 3. Bwawa la mita 100 kwa 60 lenye kina cha mita 4 linakupa kama mita za ujazo 8,000, yaani tani 8,000, ni lori 800 za tani kumi zinashuka mlimani kwa pamoja. Watu wanaliita "kibwawa". Solai kule Nakuru, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, lilikuwa bwawa la shambani tu, mvua zimekolea, likapasuka usiku na watu wasiopungua 48 wakafa.

Swali la pili sasa ndo hali ya tuta lenyewe. Nenda mara mbili, Oktoba kabla ya mvua, fyeka majani kwanza maana kwenye nyasi ndefu hutaona kitu, afu rudi Machi maji yakiwa yamejaa. Anza na utoro, ile njia ya maji ya ziada. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake, yakipita yanalila kwa nyuma mpaka linakatika, kwa iyo utoro ukiwa umeziba kwa magogo, au mtu amepandisha mchanga na mawe ili avune maji zaidi (nimeliona hili kwa macho yangu, na walifanya kwa nia njema kabisa) hiyo peke yake inatosha kuandika hali mbaya. Mtera wana usawa wao wa mwisho, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la kijiji linahitaji kigingi tu chenye alama za rangi, na mtu wa kukisoma kila asubuhi.

Afu shuka nyuma, chini kabisa tuta linapokutana na ardhi. Unyevu kidogo siyo ajabu kwa bwawa la udongo. Cha kuogopa ni maji yanayotoka yakiwa na tope. Chukua chupa tupu ya maji, kinga, iache itulie usiku kucha, asubuhi ukikuta udongo umekaa chini ujue tuta linaliwa kwa ndani. Pima na kasi, ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 4 hiyo ni lita 5 kwa dakika, andika na tarehe, wiki ijayo pima tena. Ikiongezeka wakati maji ya bwawa hayajapanda, usisubiri kikao. Bwawa la Teton kule Idaho, tarehe 5 Juni 1976, walianza kuona maji ya tope yanavuja asubuhi, kabla ya saa sita mchana lilikuwa limeshakatika. Na lilikuwa jipya!

Zunguka na bomba vizuri, maji hupenda kulifuata kwa nje. Mashimo ya fuko, vichuguu, miti iliyoota kwenye tuta, vyote andika, mti ukikatwa mizizi inaoza inaacha njia ya maji. Ufa unaofuata urefu wa tuta unasema ubavu unataka kuteremka, ufa unaokatiza kutoka majini kwenda nyuma ni mbaya zaidi.

Mwisho lipe neno moja: nzuri, wastani, mbaya, haifai, au haijakaguliwa. Hilo la mwisho watu wanalisoma kama nzuri, siyo. Bwawa la hatari kubwa lenye hali mbaya ndo la kulishughulikia kwanza kabla ya mengine yote. Peleka picha na daftari kwa mtendaji na kwa bodi ya maji ya bonde lenu, wa Rufiji wako Iringa mjini, Ziwa Rukwa wako Mbeya, Ziwa Nyasa wako Tukuyu, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inawahusu moja kwa moja.

Ukikuta tope linatoka leo usizibe tundu kwa udongo, maji yatatafuta pengine, mwaga mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, maji yapite udongo ubaki. Fungua bomba upunguze maji taratibu, ukishusha ghafla ubavu wa ndani unaweza ukaporomoka, na usithubutu kukata tuta. Lakini kabla ya hayo yote mtu mmoja akimbie bondeni awatoe watu, mwingine apige 114. Wapande ubavuni mwa kilima, wasifuate mto kwenda chini.