Namba ya Kijapani ya gari la mtumba: mambo ya kuzingatia kabla hujalipa na kabla karatasi hazijachukuliwa

Gari la mtumba kutoka Japani likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa halina pleti. Usishtuke. Usajili ukifutwa kule, pleti hurudishwa ofisini. Kinachobaki ni namba yenyewe, imeandikwa kwenye karatasi, na ukiiweka pamoja na namba ya chesisi utajua gari lilikuwa linakaa mkoa gani, lilikuwa la kazi gani na lilishatembea kilomita ngapi. Ila uchunguzi huu una muda wake. Muda ukipita, karatasi ikishaondoka mikononi mwako, unabaki unasoma dashibodi na kumwamini muuzaji.

Anza kwa kudai picha ya cheti cha Kijapani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje. Wenyewe wanakiita yushutsu massho kari toroku shomeisho. Kwa vigari vya cc 660 karatasi ni nyingine, yushutsu yotei todokede shomeisho. Dai ile ya Kijapani, isomeke hadi pembeni. Tafsiri ya Kiingereza haitoshi, kwa sababu mara nyingi inaandaliwa upande wa muuzaji na mstari wa kilomita ni rahisi sana kurukwa. Muuzaji akikuambia cheti utakiona baada ya kulipa, tafuta muuzaji mwingine.

Ukishakipata, isome namba ya usajili kipande kwa kipande. Tuseme imeandikwa 品川 500 さ 12-34. Maneno ya mwanzo ni ofisi iliyosajili gari. Hapa ni Shinagawa, Tokyo. Tarakimu tatu zinazofuata ni aina ya gari. Zinazoanza na 5 au 7 ni gari dogo la abiria. Zinazoanza na 3 ni gari la abiria lililozidi kipimo kimojawapo: urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2, au cc 2000 kwa injini ya petroli. Zinazoanza na 4 au 6 ni gari dogo la mizigo, na 1 ni la mizigo kubwa. Zinazoanza na 8 ni magari ya kazi maalumu. Kwa hiyo ukiuziwa Probox kama gari la familia na karatasi inasema 400, ujue ile ilisajiliwa kubeba mizigo, na uangalie springi za nyuma na sakafu ya buti kabla ya kitu kingine.

Herufi moja ya Kijapani iliyo katikati ndiyo watu wengi hawaiangalii. Ikiwa ni わ au れ, gari lilikuwa la kukodisha. Gari la kukodisha si lazima liwe baya, maana huwa linafanyiwa sevisi kwa wakati, lakini limepita kwenye mikono mingi na bei yake lazima ilingane na hilo. Herufi お, し, へ na ん hazitumiki kabisa kwenye pleti za Japani. Ukiletewa namba yenye mojawapo ya hizo, karatasi hiyo imetungwa. Namba ikiwa na nukta mahali pa tarakimu za mwanzo, hilo si kosa. Namba fupi huandikwa hivyo.

Rangi nayo inasema. Pleti nyeupe yenye maandishi ya kijani ni ya matumizi binafsi. Ya kijani yenye maandishi meupe ni ya biashara. Vigari vya cc 660 vina ya njano kwa binafsi na nyeusi kwa biashara. Cheti hakina rangi, lakini kina sehemu inayotaja kama gari ni la binafsi au la biashara. Hapa wengi wanajidanganya. Biashara kwa Wajapani maana yake ni kusafirisha watu au mizigo ya wengine kwa malipo, kama teksi na malori ya kampuni za usafirishaji. Gari la kampuni ambalo wauzaji wake wanazunguka nalo mjini kutwa nzima lina pleti nyeupe ileile ya baba anayepeleka mtoto shule.

Jina la ofisi usilipite haraka. Sapporo, Asahikawa, Hakodate, Kushiro, Aomori, Akita, Niigata, Nagaoka: huko theluji ni ya kweli, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inaingia chini ya gari na kula chuma taratibu. Okinawa haina theluji, lakini upepo wa bahari unafanya kazi ileile. Ukiona majina hayo, gari lipandishwe juu kabla ya kulipwa. Aliye kule Japani akutumie picha za mabomba ya breki, fremu ya kushikilia injini, boliti za sasipensheni na ncha za chuma kilicho chini ya milango. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, isikutishe peke yake, maana gereji za Japani hupaka rangi hiyo wakati wa kuandaa gari kwa ukaguzi. Lakini rangi hiyohiyo huficha kutu, kwa hiyo gari likishafika fundi agonge kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka.

Tena kumbuka kuwa namba iliyo kwenye cheti ni ya mwisho, huenda si ya kwanza. Mmiliki akihamia eneo la ofisi nyingine, au gari likiuzwa huko, hupewa pleti mpya. Gari lililozeeka Hokkaido linaweza kumalizia mwaka mmoja Nagoya na likaja na karatasi ya Nagoya, chini limeoza vilevile.

Sasa jambo ambalo limewaponza wengi. Watu wanaamini kwamba ukiwa na namba ya pleti tu, Japani watakupa historia yote. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Tangu tarehe 19 Novemba 2007, anayeomba hati ya taarifa za usajili kwenye ofisi za usafirishaji za Japani anatakiwa kutoa namba ya pleti pamoja na namba kamili ya chesisi, ajitambulishe na aeleze sababu. Kimoja kikikosekana, huhudumiwi. Na hapa kwetu vitu hivyo viwili hutengana mapema mno. Kisa huwa hivi. Mtu ananunua gari yadi, limeshapewa namba za hapa. Miezi minne baadaye giaboksi inaanza kupiga, fundi anafungua na kusema hii haijatembea kilomita 70,000, hii imetembea mara mbili yake. Mnunuzi anataka kufuatilia. Chesisi anayo, ipo kwenye kadi. Namba ya Kijapani hana. Anarudi yadi, anaambiwa karatasi zilibaki kwa wakala wa forodha. Anamtafuta wakala, anaambiwa cheti halisi kilikabidhiwa wakati wa kutoa gari na kulisajili, na nakala hakuna aliyeweka. Ni kweli kabisa: cheti halisi cha Japani ni miongoni mwa hati zinazodaiwa gari likiingia nchini, na likishasajiliwa hakirudi kwako. Basi uchunguzi unafia hapo, na ushahidi wa kumdai aliyemuuzia unafia hapohapo.

Kwa hiyo, kabla wakala hajakipeleka cheti popote, kipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa kutosha, jitumie kwenye barua pepe, na uchapishe nakala moja. Kama unanunua gari ambalo tayari lina namba za hapa, nakala ya cheti cha Kijapani iwe sharti la kulipa, sawa na kadi yenyewe. Muuzaji aliyeagiza gari kwa nia njema ana picha ya cheti kwenye simu yake.

Ukiwa na vyote viwili, maombi yanafanywa Japani kwenyewe. Kutoka Arusha au Nakuru huwezi kwenda kaunta, kwa hiyo mtumie aliyekuuzia kule, au mwandishi wa hati mwenye leseni ambaye Wajapani humwita gyosei shoshi. Hati iko ya aina mbili: ya hali ya sasa, na ya kina inayoonyesha mabadiliko ya nyuma. Omba ya kina. Hiyo ndiyo itakuonyesha lile gari la Nagoya lilianzia Hokkaido. Vigari vya cc 660 vinashughulikiwa na taasisi nyingine, na huko taarifa hupewa mmiliki au mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo usitegemee njia hii.

Kilomita zisome kwenye sehemu ya maelezo ya cheti. Kuna usomaji wa ukaguzi wa mwisho na, mara nyingi, wa ukaguzi uliotangulia, kila mmoja na tarehe yake. Miaka huandikwa kwa enzi: 平成 ni Heisei, jumlisha 1988, 令和 ni Reiwa, jumlisha 2018. Heisei 28 ni 2016, Reiwa 4 ni 2022. Tuseme gari la abiria lilisoma 61,300 mwezi wa tano Reiwa 2 na 88,700 mwezi wa tano Reiwa 4. Hizo ni 27,400 kwa miaka miwili, karibu 13,700 kwa mwaka. Likifika kwako mwishoni mwa 2023 dashibodi inatakiwa iwe imekaribia au kupita 100,000. Ikisoma 72,400, mita imerudishwa, hakuna maelezo mengine ya kusikiliza bila hati ya kubadilishwa mita. Gari la mizigo la darasa la 400 hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo tarehe zake mbili zinatakiwa kukaribiana zaidi. Na kilomita za ukaguzi huandikwa kwa mamia, zikiishia sifuri mbili. Karatasi inayosema 88,743 ina la kujibu.

Mwezi wa usajili wa kwanza nao uangalie, hasa kwa Kenya ambako gari lisizidi miaka minane tangu usajili huo. Linganisha na tarehe iliyo kwenye kitambaa kilichoshonwa mwisho wa mkanda wa kiti. Mkanda ukiwa na tarehe ya baadaye kuliko ya gari, ulibadilishwa. Uliza kwa nini.

Jina la mmiliki kwenye hati likiwa la kampuni ya mikopo, soma pia mstari wa mtumiaji. Gari la mkopo hukaa kwa jina la mkopeshaji, aliyeliendesha ni mwingine. Na ukishampata mtu huyo, usimpigie simu wala kumwandikia. Unatafuta historia ya gari, na hati uliipewa kwa sababu uliyoitaja.

Ndani ya gari fungua kisanduku cha mbele kabla waosha magari hawajakifikia. Kitabu cha sevisi, karatasi ya bima ya lazima na karatasi ya kifaa cha kulipia barabara huwa na namba ya pleti. Kibandiko cha kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango kina tarehe na kilomita. Vyote vikubaliane na cheti. Chesisi isome kwenye chuma chenyewe, kwa Toyota nyingi ni ukuta ulio kati ya injini na kabini au chini ya kiti cha mbele, isiwe kwenye kibati tu.

Ajali hutaziona kwenye usajili wa Japani, hazirekodiwi humo. Hizo zitafute kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya mnada wa Japani ambako gari liliuzwa. Alama R au RA humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo uipate kwa mtu asiye muuzaji. Pleti za Kijapani za mapambo zinazouzwa madukani zisikupe historia yoyote, hata zikiwa zimefungwa kwenye gari unalolitazama. Picha za mtandaoni zenye pleti iliyofunikwa ni kawaida, lakini chesisi iliyofunikwa si kawaida. Na kama muuzaji anakuharakisha kwa sababu kuna mteja mwingine amekaa na hela mkononi, mwache huyo mteja alichukue.