Usiku Mmoja, Siku Mbili za Maji: Mwongozo wa Mapumziko ya Familia ya Gharama Nafuu Sandusky, Ohio

Familia yetu ni ya watu sita na tunaishi Columbus, Ohio. Kila majira ya baridi, wakati theluji imeganda barabarani na watoto wamechoka kukaa ndani, tunaendesha gari maili 110 hivi hadi Sandusky, mji ulio kando ya Ziwa Erie, tukaogelee katika hoteli zenye mabwawa na michezo ya maji ya ndani. Nimeipanga safari hiyo kwa ajili ya watu wangu na kwa ajili ya familia nyingine za Waswahili wa hapa mjini, Wakenya, Watanzania na Wakongo, na swali ninaloulizwa na wazazi wenzangu halibadiliki: mtu mwenye mshahara wa kawaida anawezaje kuwapeleka watoto wanne mahali kama pale? Inawezekana, kwa sababu chumba cha usiku mmoja kinakupa siku mbili za kuogelea, na mipango yote inayofuata hapa chini inalenga kuzitumia siku hizo mbili bila kupoteza hata saa moja.

Msomaji aliyewahi kufika kwenye bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, anaijua miteremko ya maji na mabwawa yenye mawimbi. Tofauti ni kwamba huku kila kitu kimejengwa chini ya paa moja na hoteli, maji yana joto la nyuzi 29 hivi za Selsiasi hata kama nje ni chini ya sifuri, na kiingilio kimo ndani ya bei ya chumba. Biashara ya hoteli za namna hii ilishamiri Wisconsin Dells, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, katika miaka ya 1990. Great Wolf Lodge ilianzia huko mwaka 1997 ikiwa na jina la Black Wolf Lodge, na Kalahari ilifunguliwa huko huko mwaka 2000 kabla ya kuja Sandusky mwaka 2005. Leo Sandusky ina hoteli za kampuni zote mbili, na ushindani huo unamsaidia mteja.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kabla ya kuchagua hoteli

Hapa ndipo fedha nyingi zinapookolewa, kwa hiyo tafadhali usipaharakishe. Bei ya chumba hupanda na kushuka kila siku kulingana na idadi ya wanaokitaka, na chumba kile kile kinaweza kuuzwa Jumamosi kwa bei iliyo mara mbili au zaidi ya bei ya Jumanne. Wikendi ndefu za sikukuu ya Martin Luther King mwezi Januari na ya Marais mwezi Februari, likizo ya Krismasi na mapumziko ya shule ya majira ya kuchipua ndiyo nyakati za bei ya juu kabisa. Vipindi vitulivu ni wiki za mwanzo wa Septemba baada ya shule kufunguliwa, wiki za mwanzo wa Desemba, na siku za katikati ya wiki mwezi Januari.

Mzazi mwenye watoto wa shule atauliza atawezaje kusafiri Jumanne. Chukua kalenda ya wilaya ya shule ya watoto wako, ile wanayoitoa mwanzoni mwa mwaka, na utafute siku ambazo walimu wana mafunzo na wanafunzi hawaendi shuleni. Siku hizo hutofautiana kutoka wilaya moja hadi nyingine, kwa hiyo mara nyingi wilaya yenu inapumzika Jumatatu wakati wilaya nyingine zinasoma. Hapo unachukua chumba cha usiku wa Jumapili, usiku ambao wageni wa wikendi wameshaondoka na bei imeshashuka. Katika miaka yote niliyopanga safari hii, usiku wa Jumapili ndio ulionipa nafuu kubwa kuliko punguzo lolote lililotangazwa. Ukishapata tarehe mbili au tatu zinazofaa, ndipo ulinganishe hoteli, kisha ujiandikishe kupokea barua pepe zao, kwa kuwa namba za punguzo hutumwa kwa njia hiyo.

Hatua ya pili: piga hesabu kamili, usiishie kwenye bei ya kwanza

Safari yangu ya kwanza ilinifunza jambo hili kwa uchungu. Nilikuwa nimedunduliza fedha kwa miezi mitano, nikalipia chumba katika hoteli moja, na asubuhi ya kuondoka nikakabidhiwa bili iliyozidi makadirio yangu kwa theluthi nzima: ada ya hoteli, kodi, na chakula ambacho watoto walikuwa wamekichukua kwa kugusisha kwenye mashine bangili zao za hoteli, zile za kuingilia majini ambazo pia huunganishwa na malipo ya chumba.

Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe bei inayojumuisha ada zote za lazima tangu mwanzo, na hilo limerahisisha kulinganisha. Hata hivyo kodi za serikali zinaweza kuongezwa mwishoni, kwa hiyo bofya hadi ukurasa wa mwisho kabla ya malipo na uandike jumla uliyoiona pale.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Chumba ni dola 170, ada ya hoteli dola 45, kodi dola 30, mafuta ya gari kwenda na kurudi dola 30, chakula kilichopikwa nyumbani dola 60, na fedha za mkononi za watoto dola 40. Jumla ni dola 375 kwa watu sita, yaani dola 62 na senti 50 kwa kila mtu kwa siku mbili. Sasa linganisha na tiketi ya siku moja bila kulala: ikiwa ni dola 60 kwa mtu, watu sita watalipa dola 360 kwa siku moja tu. Kwa familia kubwa chumba kinashinda. Kwa mama mwenye mtoto mmoja anayeishi karibu, tiketi ya siku, au ile ya nusu siku inapopatikana, ina maana zaidi.

Hatua ya tatu: chumba cha kawaida na idadi ya kweli

Chukua chumba cha bei ya chini kinachowatosha. Vile vyumba vyenye vibanda vya watoto na vitanda vya ghorofa vinapendeza sana pichani, lakini mtoto aliyeogelea kwa muda wa saa sita hulala usingizi mzito popote atakapolazwa.

Taja watu wote mtakaokuwamo, pamoja na mtoto mchanga. Idadi ya bangili za kuingilia kwenye maji hufuata idadi ya walioandikishwa, na kila chumba kina kikomo chake kwa sababu za usalama wa moto. Kuna wanaoshauri kuwaficha wageni wa ziada. Mimi sishauri hivyo hata kidogo. Familia mbili zikitaka kupunguza gharama kwa halali, zichukue chumba kikubwa cha watu wanane au zaidi na kugawana malipo. Soma pia masharti ya kughairi, hasa idadi ya siku kabla ya safari ambazo bado unarudishiwa fedha zako, kwa kuwa barabara za Januari hazitabiriki.

Hatua ya nne: chakula kitoke nyumbani

Vyumba vingi vya hoteli hizi vina friji ndogo na maikrowevu, lakini haviruhusu majiko ya umeme. Kwa hiyo pika siku moja kabla. Sisi tunachukua pilau, kuku wa kuchoma aliyekatwa vipande vidogo, chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini, mayai ya kuchemsha, matunda na mandazi ya asubuhi. Pilau naigawa katika makopo sita ya plastiki ya maikrowevu yenye mifuniko, kila moja likiwa na mlo wa mtu mmoja, naigandisha usiku kucha, kisha naipanga ndani ya boksi la barafu. Ikiwa imeganda hivyo inasaidia kukipoza chakula kingine njiani, na tukifika kila mtu anapasha kopo lake bila kuchafua sufuria hata moja. Chukua sahani na vijiko vyako, kitambaa, na sabuni kidogo ya vyombo.

Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi ndani ya eneo la maji, kwa hiyo mle chumbani na kurudi. Mapumziko hayo ya nusu saa yanawafaa watoto kuliko wanavyokubali.

Hatua ya tano: mavazi na nywele

Nguo za pamba hazifai. Kanga au fulana ikilowa huwa nzito, humvuta mtoto chini, na walinzi wa bwawa watakuambia uivue. Nguo zenye zipu au vifungo vya chuma hukwaruza miteremko na huzuiwa juu kabisa ya ngazi, baada ya mtoto kusubiri foleni nzima. Kina mama na mabinti wanaojisitiri wavae nguo ndefu za kuogelea zilizoshonwa kwa kitambaa maalumu cha majini; tumezivaa Sandusky mara nyingi bila usumbufu wowote. Zinunuliwe mwishoni mwa Agosti, maduka yanapoziuza kwa bei ya kumaliza.

Kuhusu nywele zetu, msisubiri mpaka mkaharibu kazi ya saa tano ya msusi. Kabla ya kuingia majini, lowesha nywele kwa maji safi ya bomba hadi zishibe, kisha paka mafuta au kilainishi cha nywele (conditioner), ndipo mvae kofia ya kuogelea. Nywele zilizoshiba maji safi hunyonya klorini kidogo zaidi.

Taulo za eneo la maji hutolewa na hoteli bure katika sehemu nyingi, kwa hiyo usijaze gari kwa taulo.

Hatua ya sita: siku ya kwanza, mfike mapema

Vyumba hutolewa saa 10 jioni, na wengi hufika wakati huo, wakati siku imeshakwisha. Great Wolf Lodge huwaruhusu wageni wake kuingia majini kuanzia saa 7 mchana siku ya kufika, hata kama chumba hakijawa tayari. Hoteli nyingine zina utaratibu wake, nao huandikwa kwenye uthibitisho wa malipo. Sisi huondoka Columbus saa 4 asubuhi, tunakula njiani, na saa 7 kamili tunakuwa mapokezini na begi dogo moja lenye nguo za kuogelea tu. Mizigo mingine inabaki garini.

Mkiwa mapokezini, omba jambo moja: bangili za watoto zisiunganishwe na malipo ya chumba. Badala yake mpe kila mtoto bahasha yenye dola 10 taslimu na umwache aamue mwenyewe kati ya aiskrimu na michezo ya mashine. Binti yangu wa miaka tisa aliirudisha bahasha yake nyumbani ikiwa na dola saba. Michezo ya fimbo za kichawi ya Great Wolf Lodge hulipiwa kando, lakini fimbo ya zamani huweza kutumika tena safari nyingine, kwa hiyo waulize jamaa waliotangulia kama wanayo. Hadithi za jioni ukumbini, watoto wakiwa wamevaa nguo za kulalia, ni za bure.

Hatua ya saba: usalama majini

Naomba sehemu hii isomwe na wazazi wote wawili. Nchini Marekani kuzama majini ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hatapitapi kama watu wanavyodhani. Walinzi wapo, lakini wanaangalia mamia ya watu. Pangeni zamu za dakika 20: mwenye zamu hashiki simu, hazungumzi na mtu, na mtoto mdogo anakuwa umbali wa kunyoosha mkono.

Azima jaketi la kuokoa maisha, linatolewa bure. Mfunge mtoto vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Omba la ukubwa mwingine. Vile vibofu vya kujaza pumzi vya mikononi havichukui nafasi yake.

Mpime mtoto urefu nyumbani. Miteremko mingi hudai inchi 42 au 48, yaani sentimita 107 au 122 hivi, na ni afadhali mtoto alijue hilo akiwa Columbus kuliko alie juu ya ngazi.

Wapelekeni watoto chooni kila saa. Harufu kali inayowasha macho hutokana na klorini inapochanganyika na jasho na mkojo. Maji safi hayanuki hivyo. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa, kwani nepi za kuogelea hazizuii vijidudu, na kimojawapo, kriptosporidiamu, huweza kuishi zaidi ya wiki moja ndani ya maji yaliyotiwa klorini.

Hatua ya nane: siku ya pili

Wengi hufungasha, hukabidhi chumba saa 5 asubuhi na kuondoka, ilhali bangili zao bado zinafanya kazi. Amkeni mapema, mle mandazi na chai, mpeleke mizigo yote garini, kisha mkabidhi chumba mkiwa tayari mmevaa nguo za kuogelea, mkiwa mmebaki na begi moja la nguo kavu. Saa mbili za kwanza baada ya maji kufunguliwa ndizo zenye foleni fupi kuliko zote. Hapo ndipo vijana wetu wakubwa hupanda mteremko ule ule mara kumi mfululizo.

Pitia bili mstari kwa mstari kabla ya kutoka mapokezini, na kama kuna usilolielewa, uliza pale pale kwa upole. Sisi hubaki majini hadi saa 9 alasiri. Kisha wote wanaoga maji ya moto kwa sabuni, wanavaa nguo kavu, soksi na makoti, na nywele zinakaushwa kabisa kabla ya kutoka kwenye baridi. Nguo zilizolowa zinaingia kwenye mfuko mzito wa taka uliofungwa vizuri, na tukifika nyumbani zinasuuzwa kwa maji baridi usiku huo huo na kuanikwa bafuni, ili zifae tena mwakani.