Jinsi ya kukadiria umri wa picha ya zamani ya kanisa

Ukiletewa picha ya zamani, usianze na maandishi ya nyuma. Mimi niliwahi kuletewa moja ya Mji Mkongwe, Unguja, nyuma imeandikwa kwa penseli "1893". Nikaingiza 1893 daftarini. Wiki iliyofuata nikaitazama tena, nikaona juu ya mapaa minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu imesimama kamili, na kanisa lile lilimalizika 1898! Tangu hapo nafuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Karatasi. Nawa mikono, ikauke, kisha shika picha kwenye kingo. Tumia lenzi ya kukuza mara kumi. Ukiona nukta zilizojipanga safu safu, hiyo imetoka kwenye mtambo wa uchapaji. Ukiona nyuzi za karatasi chini ya utando unaong'aa, na sehemu nyeupe zimegeuka manjano, ni picha ya ute wa yai, yaani iliyotolewa kwenye karatasi iliyopakwa ute huo, aina iliyotawala hadi miaka ya 1890.

Hatua ya 2: Majengo. Hapa usiwe na haraka. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, hapo Mji Mkongwe, liliwekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Kuta zisizo na paa, basi, ni za miaka ya 1870. Kama picha imepigwa kutoka baharini, tafuta Beit el Ajaib, jumba la 1883. Mnara ukisimama peke yake mbele yake, picha ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara ukiwa umeshikana na jumba, ni ya baadaye. Halafu ndipo uangalie Minara Miwili, kama wenyeji wanavyoliita kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Hatua ya 3: Mwendo. Makuti ya minazi yakiwa yamefifia kama moshi, bamba (kioo chenye dawa kilichotumika kabla ya filamu) lilihitaji mwanga wa muda mrefu. Nje ya kanisa hiyo ni dalili ya ukongwe. Ndani haikusaidii, maana giza la kanisani lilimchelewesha kila mpiga picha.

Hatua ya 4: Andika tarehe mbili, ya kupigwa na ya kusafishwa. Studio ziliweka mabamba ya kioo na kuyatolea nakala miaka mingi baadaye. Kwa mfano, kama mnara umesimama peke yake mbele ya Beit el Ajaib, tarehe ya kupigwa andika "kati ya 1883 na Agosti 1896" kwenye bahasha, kabla hujaitia picha ndani.