Kulinganisha ndege za kivita za pistoni: anza na kimo, si kasi ya juu

Spitfire IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yenye injini ya Merlin 61 na ile yenye Merlin 66 zote hufikia takriban kilomita 650 kwa saa. Kwenye jedwali utadhani ni ndege ileile. Lakini ya kwanza huipata kasi hiyo karibu na mita 8,500, ya pili kwenye mita 6,400 hivi, kwa sababu gia za supachaja (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) zimepangwa kwa vimo tofauti. Wakikutana kwenye mita 4,000, mwenye Merlin 66 atamwacha mwenzake. Kwa hiyo tafuta grafu ya kasi kwa kila kimo, kisha soma ndege zote mbili kwenye kimo kimoja.

Hakikisha pia kasi zote ni halisi, si zinazosomwa kwenye saa ya kasi ya rubani. Kwenye mita 6,000 hewa ni nyepesi, hivyo saa ikisoma 400, gawa kwa 0.734: ndege inakwenda 545.

Sasa nguvu ya injini, na hapa ndipo wengi huteleza. Mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini Waingereza waliuandika kwa pauni zinazozidi hewa ya kawaida, Wamarekani kwa inchi za zebaki, Wajerumani kwa ata (kilo moja kwa kila sentimita ya mraba). Chukua pauni +18: jumlisha 14.7, upate 32.7. Zidisha kwa 2.036, ni inchi 66.6; au gawa kwa 14.22, ni ata 2.3. DB 605A, injini ya ndege ya Kijerumani Bf 109 G, ilikuwa na ata 1.42 tu, lakini usiseme ni dhaifu: ina ujazo wa lita 35.7, Merlin lita 27. Mgandamizo unafaa kulinganisha injini na yenyewe. Kati ya injini mbili tumia nguvu farasi, ukikumbuka kwamba moja ya Kijerumani ni 0.986 ya Kiingereza.

Andika na tarehe. Mwaka 1944 mafuta ya gredi 150 (yanayostahimili mgandamizo mkubwa zaidi) yaliiruhusu Merlin 66 kupanda kutoka +18 hadi +25. Kuipambanisha hiyo na Bf 109 ya 1942 si haki hata kidogo.

Kwenye kupaa, angalia muda ulioruhusiwa. Nguvu ya dakika 5 ya ndege moja haiwekwi kando ya nguvu ya dakika 30 ya nyingine. Angalia pia kama milango ya rejeta ilikuwa wazi, maana huongeza ukinzani wa hewa.

Uzito nao ni mtego. Tanki la nyuma ya kiti cha P-51D ya Kimarekani hubeba lita 322, kilo 230 hivi, na likijaa kitovu cha uzito husogea nyuma na ndege huwa hatari kwenye kona kali. Jaribio lisilotaja mafuta yaliyokuwemo liweke pembeni.

Kwa kona, gawa uzito kwa eneo la bawa. Spitfire IX ya kilo 3,400 na mita za mraba 22.5 hubeba kilo 151 kwa kila mita ya mraba. Bf 109 G-6 ya kilo 3,150 na 16.1 hubeba 196. Hesabu hii haisemi lolote kuhusu kubingirika, yaani kulaza mabawa upande. Fw 190 ya Kijerumani iliyotua Pembrey, Wales, Juni 1942, ilipojaribiwa na Waingereza, ilishindwa na Spitfire V kwenye kona tu. Kwa kubingirika iliishinda, na rubani wake aliweza kugeuza upande na kupiga mbizi kabla Spitfire haijaanza kumfuata.